Ukuta Uliomla Baba

Nyumba ya pembeni,
Barabara ya Malori.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa kaka Kichwa,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na watoto, bado wanakutania kwa hicho kichwa ulichorithi kwa baba? Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo umenivurugika, na sijui nimwambie nani isipokuwa wewe.

Unakumbuka moshi wa malori ulivyokuwa ukitutesa. Kikohozi cha mama kilikuwa kimezidi, basi walipokuja mafundi kupaka kuta zote za barabarani dawa mpya, nilishangilia. Wanasema ikipigwa na jua inakula uchafu na kupunguza sumu ya moshi, kisha mvua inasuuza. Ukuta unajisafisha wenyewe, kaka! Hata mama anakohoa kidogo siku hizi.

Sasa sikia balaa. Lile doa la mafuta ya nywele kwenye ukuta wa baraza, pale baba alipokuwa akiegemeza kichwa kila jioni, unalijua. Tangu akili ya mama ianze kupotea, hakumbuki kwamba baba alifariki. Kila asubuhi alikuwa anakaa kando ya doa, analigusa, analisalimia, ndipo anakubali kula.

Kwa hiyo nilimng'ang'ania fundi asipake ile dawa ya rangi nyeupe. Nilimsihi atumie ile dawa isiyo na rangi, angavu kama maji, ili doa libaki. Akacheka. "Haya dada, ila hii haichagui uchafu." Nikadhani ananitania.

Doa likaanza kufifia. Nikatundika shuka kuzuia jua, mama akalivuta, eti namfunika mumewe uso. Nikapaka mafuta yale yale ya nywele, akanusa, akasema, "Huyu si yeye." Jua likayala na hayo. Leo ukuta ni safi, hauna hata alama.

Ukuta unakula, mama hali. Anaupapasa kutwa nzima akiuliza mumewe kaenda wapi. Amebaki mifupa, kaka. Muuguzi alikuja, akampima, akaondoka. Nimekata tamaa, nalia jikoni asinione.

Najua kazi inakubana, lakini njoo. Huna haja ya kusema lolote. Kaa pale pa baba, egemeza hicho kichwa, mwache mama akuguse. Najua nakuomba uwe mtu mwingine mbele ya mama yako mwenyewe, na inaniuma. Ila sina njia nyingine.

Nisalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu, na jirani yetu fundi cherehani pia. Mungu akufungulie njia, na afungue upesi.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Kitinda Mimba

Kiti cha baba nimeshakitoa nje. Mama amekaa kando yake na sahani mbili, hataki kuanza peke yake.