Maelezo Kuhusu Programu Iliyouawa Saa 4:20 Katika Chumba cha Rejista

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Jinsi na umri: Mwanamke, miaka 23
Kazi: Karani, chumba cha rejista, ofisi ya ardhi
Makazi: Kwa mama yake mkubwa, nyumba ya pili nyuma ya soko

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumatatu, niliingia kazini saa 1:40 asubuhi. Kompyuta ya rejista tunaiita Babu kwa uzee wake. Haiwezi kubeba programu za picha, hivyo tunaiendesha kwa kuandika amri kwenye kioo cheusi. Aliyenifundisha ni fundi wa kompyuta, ambaye sasa yuko mahabusu kituoni hapa. Kila nusu saa mimi huandika amri ya top, nikaona ni programu ipi inakula prosesa na kumbukumbu, kisha nikanakili namba hizo kwenye daftari.

Kumtoa mtumiaji mmoja na kumwingiza mwingine humchukua Babu robo saa. Kwa hiyo fundi alipotoka saa 3:55 kwenda kununua waya, aliniachia akaunti yake ikiwa wazi. Alisema, "Babu leo ana kazi nzito, mwanangu. Usimharakishe." Niliitikia bila kumsikiliza vizuri, kwa sababu watu walikuwa wamejaa dirishani.

Saa 4:20 Babu aliganda. Mama aliyekuwa mbele ya foleni alisema, "Dada, hiyo kompyuta umeolewa nayo? Mbona mnatazamana tu?" Watu wakacheka. Msajili, ambaye ni mkuu wangu, akachungulia mlangoni: "Karani, foleni imefika getini. Fanya kitu."

Niliandika top. Programu namba 2214 ilikuwa juu kabisa: prosesa asilimia 97, kumbukumbu iliyobaki MB 6 kati ya 512. Fundi alinifundisha kwamba programu huombwa itoke, kisha husubiriwa. Niliiomba. Haikutoka. Nilihesabu hadi kumi, nikaiua kwa lazima. Babu akawa mwepesi. Nilihudumia watu kumi na mmoja, nikajisifu moyoni.

Saa 5:10 fundi alirudi, akatazama kioo, akakaa chini taratibu. Programu ile ilikuwa ikiipanga upya rejista ya viwanja, ikifuta kurasa za zamani huku ikiandika mpya. Viwanja 318 havikuwa huku wala kule. Nakala ya akiba ni ya miaka miwili iliyopita. Aliniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi nyamaza."

Tarehe 11 alikamatwa, kwa kuwa amri ilitoka kwenye akaunti yake. Inasemekana alifuta makusudi ili kuwasaidia wanyang'anyi wa viwanja.

Leo, tarehe 13, saa 2:15 asubuhi, niliitwa hapa kuulizwa kuhusu tabia yake. Tulipishana kwenye korido. Hakuwa na viatu. Alisema, "Nenda kazini, mwanangu, utachelewa." Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui kitu. Nimeshindwa.

Fundi hakugusa kitu. Daftari nimelileta. Ukurasa wa 31 una mwandiko wangu: "Saa 4:20, nimeua 2214." Mama mkubwa anajua niko kazini.

Niliyoyasema ni kweli, na mkono uliofanya ndio huu ninaotilia sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo yamechukuliwa nami, koplo wa zamu, saa 3:40 asubuhi. Shahidi amesomewa na kukubali. Ameonywa kisheria na hajaruhusiwa kuondoka. Daftari limepokelewa kuwa kielelezo. Ameomba fundi akiachiwa apitie ofisini aizime kompyuta kwa utaratibu, kwani yeye ameiacha ikiwaka tangu jana jioni.