Mama wa Filamu Hakukataa

Jumamosi, Julai 2013, kambi ya wakimbizi Dzaleka, Malawi. Baridi na upepo. Vumbi limeingia mpaka kwenye uji. Mi niko sawa, nimechoka tu.

Leo mchana nilitafsiri tena kwenye chumba cha video. Ni zile filamu za zamani za Kitaliano, zimetiwa sauti za Kifaransa. Nasimama kando ya televisheni, nawaambia wamama kwa Kiswahili. Kifaransa changu ni cha shule ya Bukavu, kinatosha.

Nimeshazizoea. Kamera inasogelea macho ya mwanamke mpaka yanajaa kioo chote. Muziki unaanza kulia kabla yake. Midomo imefumba, sauti bado inaongea. Damu ni nyekundu kama rangi ya mlango. Siku ya kuachana lazima mvua inyeshe. Na mama maskini wa humo analia vizuri: kamasi hakuna, nguo za kufua hakuna.

Wa leo alimpa dada yake tajiri mtoto. Alisema: mchukue, kwako atakula vizuri.

Mi nikatafsiri: "Amekataa. Anasema mtoto wangu haendi."

Sijui kwa nini.

Hapana, najua. Benchi ya mbele alikaa yaya Odette, dada yangu mkubwa. Ana duka dogo Area 36, kule Lilongwe. Tangu mwezi jana anataka mwanangu Furaha akaishi kwake, asome huko. Kila akiuliza namwambia tutaona.

Kwenye kioo, mtoto akapanda gari la yule tajiri.

"We Mama Furaha!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Amekatala, na mutoto njo ule anaenda? Ao gari imemuiba?"

Chumba kizima kikacheka. Hata mi nilicheka. Yaya hakucheka. Aliniangalia tu, kama ile kamera.

Nikarudi kutafsiri sawasawa. Mwishoni mtoto alikufa kwenye kitanda kizuri. Kwenye filamu hizo watoto wanakufa sana. Hiyo haikunitisha. Yaya anampenda Furaha, na kwake angekula vizuri kuliko hapa. Nalijua hilo, na bado sitaki.

Tulipotoka, yaya akaniuliza polepole, "Ile ya leo njo jibu yako?"

"Njo hiyo, yaya."

Akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kutafuta gari la kurudi mjini. Hakugeuka.

Sikulia. Furaha anakula nsima, ugali wa huku, hapa kando yangu, anaimba na chakula mdomoni, nimemkataza mara mbili. Nguo bado ziko kwenye beseni. Nitazifua kesho, jua likitoka.