Picha ya Moyo na Jembe la Siri

Jumanne jioni.

Nimejiponza kwa mdomo wangu. Leo daktari alitaka kupitisha kamera nyembamba mkononi hadi moyoni, aone kama mshipa umepona tangu waniwekee kile kibomba cha chuma cha kuutanua. Nikaogopa itaonyesha kila kitu. Nikakiri kwake mlangoni: "Baba, ulinikataza, lakini nimelima viazi. Siku nne."

Akacheka. "Bibi, kamera haioni jembe."

Baadaye akanionyesha picha. Nyama mpya imekifunika kibomba chote. Nimepona! Nikamwahidi mkungu wa ndizi.

Ila binti yangu Atupele, aliyenisindikiza, alisikia yote. Tumerudi nyumbani Kyimo, jembe kalifungia chumbani kwake.

Njiani alilia, nilimwona. Kesho nitamwomba radhi kwanza. Jembe baadaye.