Ombi Langu Juu ya Taa

Peishan, nimekwisha! Nimekwisha kabisa!

Si wewe uliyeniambia nikifika Pingxi niandike ombi langu bila woga? Basi tuko relini, pale wanaporushia taa za maombi angani, mimi, Guanlin na wazazi wake, taa moja ya karatasi, kila mtu na upande wake wa kuandika. Nikajua ikishapaa nani atasoma, ndege? Nikaandika: "Nipate ile kazi ya Lisbon, niishi mbali na mama mkwe."

Kwa brashi nene, shoga!

Nikasahau kwamba muuza taa huizungusha kwanza, kila upande upigwe picha. Tumekenua meno wote, upande wangu ukageuka, mama mkwe akausoma kwa sauti.

KWA SAUTI!

Guanlin, mume wangu huyo, akaanza kukagua viatu vyake.

Mama mkwe akasema, "Hebu nipeni brashi."

Nikasema leo naachika hapahapa relini.

Akainama, akaandika taratibu chini ya maneno yangu, kisha akanigeukia: "Mwanangu, ombi lako lina kasoro. Umemsahau mumeo."

Alikuwa ameongeza: "Na Guanlin aende naye, nami nipumue."

Taa imeshapaa. Mimi na mama mkwe tunakula soseji. Aliyenuna ni Guanlin.