Madoa Meupe Kwenye Boti ya Bwana Kofia

Shangazi, shikamoo. Naandika nikiwa na moyo mzito, nami naomba msaada wako kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mtu ninayeweza kumweleza jambo hili bila kumchoma mwingine.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Baba yangu ni fundi wa kupaka boti vanishi, na karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, chini ya paa la bati. Mlangoni kuna kibao alichokiandika mwenyewe, "Likitokea doa, narudia bure," na neno hilo halivunji hata kama doa lenyewe ni dogo kama jicho la sisimizi. Sasa tangu shule zifungwe anashughulika na boti ya daktari mmoja wa mifugo, kijana mpole ambaye tunamwita Bwana Kofia kwa sababu akimwona dada yangu huvua kofia, akaivaa, akaivua tena, na boti hiyo haiishi, maana kila siku ya kuichukua inapokaribia inakutwa imejaa madoa meupe ya mviringo, na baba anachukua msasa, anakwangua mpaka kwenye mbao, anapaka upya, na Bwana Kofia anasema, "Hakuna haraka, fundi, nitapita tena," wala hajawahi kununa hata mara moja.

Shangazi, mimi najua madoa hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwa dada. Nilimkuta mchana, baba akiwa amejinyoosha baada ya chakula, yeye dada ameshika bakuli la maji ya kisima, anachovya vidole na kuinyunyizia boti kama mtu anayelainisha nguo za kupiga pasi.

Nikamwuliza, "Dada, unafanya nini?"

"Namchelewesha."

"Unamchelewesha nani?"

"Wewe kasome vitabu vyako!"

Kisha akanishika mkono na kuniapisha kwamba nikisema, ulimi wangu ukauke, nami kwa hofu nikaapa.

Maji ya kisima chetu yana chokaa nyingi, hata birika la chai limeota gamba ndani, ndiyo maana kwenye kazi zake baba hutumia maji ya mvua ya kwenye tangi peke yake. Darasani tulifundishwa kwamba tindikali huyeyusha chokaa, basi nikatia siki ya mama kidogo kwenye kitambaa, nikafuta doa moja, likatoka lote, na chini yake vanishi ya baba ilikuwa nzima, inang'aa mpaka nikajiona meno. Nilifurahi, halafu nikaogopa, kwa sababu nikimwambia baba kwamba ni chokaa tu, swali lake la kwanza litakuwa ni nani aliyeleta maji ya kisima karakanani.

Lakini nikinyamaza, baba anaamini kwamba yeye ndiye mwenye kasoro. Juzi alimwambia mama, "Mama watoto, vanishi yangu siku hizi inaota ukungu kama mkate. Mkono umezeeka." Mama akamjibu, "Mkono hauna neno, nenda kapime macho," na sote tukacheka, ila yeye hakucheka. Jana amesema mwezi ukiisha atashusha kibao na kwenda kulinda ghala la shemeji yake. Mimi nilikuwa nangoja nimalize mtihani ndipo nimwombe anifundishe kupaka, na hata hilo sijamwambia.

Jambo moja bado linanichanganya. Wiki ambayo dada alikwenda kumsaidia mama mdogo aliyejifungua, madoa yalitokea vilevile, tena makubwa kama visosi, upande mmoja tu wa boti, nikadhani ni mvua ingawa sikumbuki kama ilinyesha. Siku yalipotokea Bwana Kofia alikuwa amekuja kuitazama boti yake, akaniomba maji ya kunywa, nikampa jagi la maji ya kisima, na maskini alikuwa na kiu kweli, kwa sababu nilipokwenda kumwitia baba na kurudi, nilikuta jagi zima ni tupu.

Nisaidie, Shangazi. Sitaki kumsaliti dada, na sitaki kumwona baba akilinda ghala.

Mtoto wa Fundi

Marahaba, Mtoto wa Fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisikitika. Mara ya pili nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaniletea maji. Glasi moja, si jagi.

Mwanangu, kwa tindikali wewe ni hodari, lakini kwa wanadamu bado uko chekechea. Ni mvua gani hiyo inayoingia chini ya bati na kulowesha upande mmoja? Na huyo aliyemaliza jagi zima ni daktari wa mifugo au ni ngamia? Dada yako ananyunyiza ili kijana arudi, na kijana anamwaga ili apate sababu ya kurudi. Kila mmoja anajiona mjanja peke yake. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba hata fahali wakipendana, nyasi haziponi. Nyasi hapa ni kiwiko cha baba yako.

Nawe usijifanye malaika. Ulimwona mzee akikwangua kazi yake mwenyewe huku siki ikiwa kabatini, ukanyamaza kwa ajili ya kiapo cha kulazimishwa. Ulimi haukaushwi na ukweli. Unakaushwa na kiu, na kwenu naona maji yote yanaishia kwenye boti.

Leo hii mwambie dada yako kwamba ana mpaka kesho kumweleza baba kwa kinywa chake. Usimbembeleze. Akikataa, kumbuka kwamba uliapa kwa ulimi, mikono hukuiapia. Changanya siki na maji ya tangi nusu kwa nusu, ujaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Kisha mwite baba. Mbele yake futa doa moja kwa kitambaa laini, si kile cha kusugulia sufuria. Usiache siki ikae. Suuza kwa maji ya tangi na ukaushe papo hapo. Doa likigoma, rudia polepole, na msasa uufiche. Baba akishaona vanishi yake iko salama, mwambie boti ipakwe nta na ifunikwe turubai. Akiuliza maji yalitoka wapi, mwelekeze kwa dada yako na ukae kimya.

Huyo wa kofia usimtaje kwa mtu. Akija tena, mpe jagi lilelile limejaa, simama mbele yake, umtazame anywe yote. Kabla hajafika nusu atakuwa ameshasema kilichomleta.

Baba yako atafoka, na majirani watasikia. Usikimbie. Mtu aliyekwisha kuuzika mkono wake, akigundua kwamba mkono ni mzima na alikuwa anachezewa tu, hufoka kwa furaha. Usingoje mtihani wala usingoje apoe. Akiwa bado anafoka, mwombe brashi.

Shangazi