Mnara Mlioupigia Kura Buswelu

Kaka Masanja,

Shikamoo. Natumaini barua hii ninayokutumia kwa simu itakukuta mzima, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu alipoanza dawa mpya. Mimi mwili ni mzima. Kazi ya kufundisha hapa chuo kikuu inaendelea, baridi ya huku ughaibuni imeanza, na nimekasirika. Nimesubiri siku tatu kabla ya kuandika ili nisikukosee adabu.

Uliponipigia simu Jumapili ulisema, "Mdogo wangu, tumelimaliza. Kikao kimekaa, Kabula anakwenda kwenye ile koleji yenye mnara." Nikauliza ni nani aliyechagua. Ukacheka. "Watu wazima kumi na mmoja. Au ulitaka mwanangu akalale kwenye lile jengo lako linalofanana na ghala la pamba?"

Kaka, jengo lile si langu. Kabula ndiye aliyelichagua, akaniandikia kurasa nne za sababu. Chuo kikuu hiki kimegawanyika katika koleji nyingi, na mwombaji huchagua moja, kwa kuwa ndiko atakakolala, atakakokula na atakakokaa na mwalimu wake ana kwa ana. Mwanao anataka kusoma kemia ili ayapime maji ya ziwa letu. Kwa ombi lake nilizitembelea koleji sita kwa miguu, nikauliza katika kila moja nani anafundisha kemia. Kwenye ghala lako la pamba wako watatu, na mmoja wao ameyachunguza maziwa maisha yake yote. Kwenye mnara hayupo hata mmoja. Hawapokei kabisa wanafunzi wa kemia.

Nilikueleza hayo. Ukajibu bila wasiwasi, "Hilo tuliliona pale steshenari, kompyuta ilikataa. Tukaandika sheria."

Yaani mmembadilishia mtoto somo ili lilingane na picha ya mnara.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza niliishi chini ya mnara wa kale kama huo. Paa lilivuja juu ya vitabu vyangu, na watalii walinipiga picha dirishani nikipiga mswaki. Umri wa jengo haukunifundisha chochote.

Wifi amenieleza kwamba mlipokuwa mkinyoosha mikono, Kabula alikuwa akiwamiminia chai. Alipofika kwako alisema, "Baba, naomba niseme." Ukamwambia, "Sukari haijamfikia babu yako."

Fomu ya maombi haijaondoka, mkuu wa shule ataituma Ijumaa. Kabla ya siku hiyo mpeleke Kabula Igoma, steshenari ileile, akae yeye mbele ya kompyuta, nawe usubiri nje. Akiandika sheria kwa mkono wake, nitakuomba radhi kwa maandishi.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie wifi, wala usimgombeze kwa kuniambia. Baba mdogo, mwenyekiti wenu, mfikishie shikamoo yangu kwa heshima zote. Mkikaa tena, chai amimine yeye, na Kabula apewe kiti.

Mdogo wako,
Nyamizi