Mtoto wa Jicho na Mtoto wa Simu

Jumanne, 4 Machi

Nimecheka leo mpaka nikashona mkono wa gauni la msusi wa saluni ya jirani nje ndani! Nitaufumua kesho. Acha niandike kwanza.

Mchana simu ya Mama iliita, namba ngeni. Mama mtoto wa jicho amemtanda macho yote mawili, haoni nani anapiga, basi anapokea kila inayoita. Akaweka sauti kubwa kama kawaida yake. Mwanamume: Mama, ni mimi mwanao, simu yangu imeharibika, natumia hii.

Mama kwa furaha: “Baba?”

Hapa kwetu Baba ni kaka yangu. Alipewa jina la babu, baba yake Mama, na Mama hajawahi kumwita vingine. Yule wa simu angejuaje? Eti hapana mama, baba yuko hapa pembeni, ndiye anaumwa, tuma hela ya dawa — ufanye fasta, mama, fasta!

Marehemu baba yetu! Tulishamzika zamani.

Mama akajifunika uso kwa khanga. Nikadhani analia, nikaacha cherehani. Kumbe anajikaza asicheke. “Msalimie sana,” akasema. “Tangu tumzike hajanipigia hata siku moja, na leo kapiga anaomba hela. Hajabadilika!”

Jamaa akakata. Mama akafuta machozi kwa ncha ya khanga: “Mtoto wa jicho ninaye, sasa nimepata na mtoto wa simu. Uzeeni!” Mbavu sina.

Alhamisi, 6 Machi

Msusi kaisimulia saluni nzima. Wateja wake wanakuja kwangu wakijifanya wanataka kupunguza sketi, kumbe wanataka kumsikia Mama. Sawa tu, wawili wameacha vitambaa.

Kaka kapiga jioni. Mama akambana: Baba ndiye nani? Kaka akajibu, ni mimi, na nina njaa. Akapita mtihani!

Hela ya operesheni imetimia. Kaka kaleta fungu lake la mwisho, yote iko kwenye simu yangu. Jumanne ijayo macho ya Mama yanafanyiwa. Binti wa kaka ana miezi mitano na Mama hajauona uso wake vizuri. Humpapasa tu kwa vidole, pua, paji, kidevu, halafu anatangaza kafanana na yeye. Namwombea amwone.

Ijumaa, 7 Machi

Gauni la msusi limeisha. Kazunguka mbele ya kioo mpaka nikapata kizunguzungu mimi. Nimeweka picha ya Mama kwenye status — Jumanne Mama anafanyiwa macho, tuombeeni — na jina la kliniki nikaandika. Dua zimemiminika, na wateja wameisambaza pamoja na namba yangu ya kazi!

Jumapili, 9 Machi



Nilikuwa natia pindo, simu nimeiweka mezani kwa sauti kubwa. Kapiga kijana mpole, anatoka kliniki. Anajua ni macho, anajua ni Jumanne. Eti kuna mgonjwa wa dharura anaitaka nafasi yetu, nitume nusu ya malipo sasa hivi kwenye namba atakayonitajia, la sivyo Mama asubiri miezi sita. Miezi sita! Mtoto atakuwa anatambaa! Sikuuliza hata swali moja. Namba nimeingiza, kiasi nimeingiza, imebaki namba ya siri tu.

“Ufanye fasta, dada,” akasema. “Fasta!”

Mama kutoka jikoni: “We! Huyo si mwanangu wa simu?”

Nikamwambia Mama, hapana, ni kliniki. Akaja akipapasa ukuta, mwiko mkononi. Macho yake mabovu, masikio je! Akainama juu ya simu, akamwambia kwa adabu zote: kesho tutakuja wenyewe kulipa dirishani, mwanangu. Jamaa akawaka. Eti dirisha limefungwa, eti sisi wakaidi, nafasi anampa mwingine!

Mama akakata simu. “Mtu wa kliniki gani anakasirika nikimwambia namletea hela?”

Na mimi ndiye niliyecheka wiki nzima! Jumanne, macho, kliniki — yote niliyatangaza mwenyewe kwenye status. Nimeifuta. Lakini hofu haijanitoka. Je, kama alikuwa wa kliniki kweli? Je, kama nafasi imeshakwenda?

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye benchi la kliniki, daftari juu ya goti.

Nafasi IPO! Karani wa dirishani kashangaa: sisi hatupigii watu kudai hela, mama, unalipa hapa, unapewa risiti hapa. Nimelipa. Risiti nimeitia kwenye sidiria, nani ataitoa! Nimelia kidogo, mzee mwenye fimbo akanipisha nikae.

Leo wanampima tu, kesho ndiyo yenyewe. Tunasubiri kuitwa. Mama keshawasimulia benchi zima habari za mwanawe wa simu. Watu hoi. Mwenye bandeji jichoni anaomba asichekeshwe, inamuuma.

Simu yangu inaita. Namba ile ile ya jana!

Mama kanyoosha mkono: lete. Sauti kubwa. Benchi zima limeinama kwetu, hata karani kasogelea kioo. Jamaa anaanza, dada, nimekuombea msamaha kwa daktari, bado dakika chache —

“Baba!” Mama huyo, kwa sauti tamu ambayo hata kaka haipati. “Nilijua utapiga. Usikate, kuna ndugu zako hapa wanataka kukusalimia.”

Simu imekwenda kwa mzee wa fimbo. Anamuuliza kama ameshakula. Sasa iko kwa mwenye bandeji, anacheka na kuugulia. Na jamaa hajakata! Anauliza, nyie ni akina nani?

Nesi katoka, anaita jina la Mama. Mama kamwinulia kiganja: ngoja kidogo, mwanangu, niko na mtoto kwenye simu —